Mfuko wa Upande wa Moyo

Mnanisumbua. Mara ya kwanza nilisema sina miwani, mkaniletea miwani. Mara ya pili nikasema kalamu imekauka, mkaniletea kalamu tatu. Sasa mnataka habari ya mtu wa kawaida wa hapa kwetu, si mtemi wala padri, mtu tu. Mimi shule nilikaa miaka miwili nikatolewa nikachunge ndama, na mkono huu umezoea jembe kuliko karatasi. Mkikuta herufi zimelala, mziinue wenyewe. Nitaandika habari ya wifi yangu Agustina, ambaye sikumpenda kwa miaka minane. Haya alinisimulia mwenyewe tukichambua maharage, kidogo leo kidogo kesho, maana hakuwa mtu wa maneno mengi. Nitayasema kama alivyoyaona yeye. Mimi mnitoe humo.

Agustina alizaliwa upande wa Nata, Serengeti, akaolewa kwetu Nyamwaga na kaka yangu Hezekia Wangwe. Siku alipoingia bomani kwetu alikuwa amebeba pasi ya mkaa kichwani. Wenzake huja na vibuyu na mikeka, yeye chuma. Masista wa misheni walikuwa wamemfundisha kufua na kunyoosha nguo, wakampa ile pasi kuukuu alipoaga. Mama yetu, Gati, aliizunguka mara mbili kama mtu anayekagua mbuzi mgonjwa.

"Mwana wa Nata," akasema, "hicho chuma chako kinapika ugali?"

"Hapana, mama."

"Kinakamua maziwa?"

"Hapana, mama."

"Basi kiweke nje na mbwa."

Hakukiweka nje. Alikiweka chini ya kitanda, na baada ya mwaka mmoja hakuna aliyekicheka, kwa sababu Hezekia alipata kazi ya udresa. Ninyi mliozaliwa kwenye hospitali hamjui dresa. Dresa ndiye aliyekuwa akiosha vidonda, akigawa dawa na kuchoma sindano huku vijijini, wakati daktari mwenyewe tulikuwa tunamsikia tu kwa jina. Serikali ilimpa sanduku la mbao lenye msalaba mwekundu, baiskeli, na makoti mawili meupe.

Makoti hayo ndiyo yaliyokuwa maisha ya Agustina. Moja likivaliwa, jingine linachemshwa kwenye sufuria, linatiwa uji mwembamba wa muhogo ili likakamae, linaanikwa, linapigwa pasi mpaka linasimama lenyewe kama mtu. Alilijua koti kuliko alivyomjua mwenye koti. Mfuko ulikuwa upande wa kushoto, juu ya moyo, mahali Hezekia alipotia kile kipimo cha homa. Koti moja kati ya hayo, kifungo chake cha tatu kutoka juu kilikuwa cheusi, cha gauni lake mwenyewe, maana cha serikali kilipotea mtoni. Na kiwiko chake cha mkono wa kushoto kilikuwa na kiraka, pale spiriti ilipowaka moto.

Bila koti Hezekia alikuwa mura, kijana tu, kama mura wengine. Wazee walimwambia sogea, lete kigoda, nenda kaangalie ng'ombe. Akilivaa, wazee wale wale walisimama kumpisha. Agustina aliliona hilo, na halikumfurahisha. Lilimtia woga. Alikuwa akijiuliza kimoyomoyo: siku koti likichanika, je?

Ukaja mwaka wa hamsini na nne. Kenya ilikuwa na hali ya hatari, na pale Sirari wakaweka kizuizi, askari na mti umelazwa barabarani. Sisi Wakurya tuna ndugu pande zote mbili, mpaka umepita katikati ya mashamba yetu bila kubisha hodi. Hezekia alikuwa na wagonjwa huku na huku, na kila Alhamisi alivuka kwa baiskeli. Miezi ile ile akatokea mtu mwingine, hakuna aliyemjua kwao wala jina lake. Alipita vijijini amevaa koti jeupe akichoma watu sindano za maji matupu. Alikuwa na picha yake, amekaa kwenye kiti, koti limenyooka, anaitoa na kuwaonyesha watu, nao wakiiona wanakunja mikono ya shati. Watu wawili walikufa. Ndipo ikatoka amri: kila mtu wa serikali anayevuka awe na cheti chenye picha yake.

Wakaenda Bomani, kwenye ofisi za wilaya, mume mbele na baiskeli, mke nyuma kwa miguu, lile koti lenye kiraka limelazwa juu ya mikono yake miwili ili lisipate mkunjo. Mpiga picha aliitwa Bushiri, mtu mfupi wa asili ya pwani, kanzu safi, vidole vyeusi kwa dawa za picha. Chumba chake kilikuwa na pazia lililochorwa ngazi na maua, na ukutani misumari yenye vitu vya kuazima: koti jeusi, tai, saa isiyotembea, miwani isiyo na vioo.

"Hapa natengeneza makarani," akasema Bushiri. "Natengeneza walimu. Juzi nimetengeneza tajiri, alikuja peku. Wewe, Bwana Dresa, umekuja umeshatengenezwa nusu. Koti hili nani kalinyoosha?"

"Mke wangu."

"Hongera, shemeji. Haya, kaa. Usicheke. Anayecheka amekwenda harusini, mtu wa cheo anafunga mdomo. Kidevu juu. Si juu hivyo, utafikiri unatafuta nyuki. Usinitazame mimi, tazama mlangoni, kama unaona mgonjwa wa kesho anakuja. Hapo! Sasa mkono huo uutie nyuma ya sanduku."

Alisema hivyo kwa sababu Hezekia hakuwa na vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto. Alivikata kwa shoka ujanani akichonga mpini wa jembe.

Agustina, aliyekuwa amejibanza kwenye mlango, akasikia mdomo wake mwenyewe unasema, "Aufiche kwa nini?"

"Shemeji, hii ni picha ya cheo, si ya majeraha."

"Anafungia vidonda vya watu kwa mkono huo. Akiuficha, si yeye."

Bushiri akamtazama Hezekia, Hezekia akacheka, akaulaza mkono juu ya sanduku, vidole vitatu, mbele ya macho ya dunia. Bushiri akaingia kwenye kitambaa cheusi cha kamera yake.

Kumbukeni neno hilo la Agustina. Yeye hakulisahau mpaka anakufa.

Cheti kilirudi baada ya majuma mawili, picha imebandikwa, mhuri umepigwa nusu juu ya karatasi na nusu juu ya bega la Hezekia. Nyumba nzima ikakusanyika. Hezekia alikishika kwa ncha za vidole.

"Ndiye mimi," akasema. "Huyu huyu ninayemwona kila siku nikinyoa ndevu."

Mama Gati akakisogeza karibu na jicho lake zima. "Ni mwanangu," akasema polepole. "Lakini ni kama ameingia kwa mlango wa nyuma."

Watu wakacheka. Agustina hakucheka. Alipoitazama ile picha, baridi ilimpanda kutoka unyayoni. Uso ni wa mumewe, koti ni lile alilolipiga pasi kwa mkono wake, na bado aliona kama mtu mwingine amekaa humo ndani anajisingizia. Alitafuta kosa liko wapi asilione. Asubuhi akasema.

"Baba Philomena, hiyo picha inanitisha."

"Inakutisha kwa sababu hujazoea kuona mumeo ana heshima," akajibu Hezekia, akapanda baiskeli.

Mke akiambiwa hivyo atasema nini tena?

Alhamisi ya kwanza alivuka salama, askari walimjua, hawakufungua hata cheti. Ya pili vile vile. Alhamisi ya tatu jua lilizama Hezekia hajarudi. Ijumaa adhuhuri Agustina alikuwa anapiga pasi lile koti la pili, lenye kiraka, pale uani alipoona Teresia, muuza ndizi, anakuja mbio bila kapu lake. Muuza ndizi akiacha kapu, ujue kuna jambo.

"Mama Philomena! Wamemfunga pingu dresa! Pale Sirari! Kuna Mzungu mpya wa polisi. Amelinganisha picha na mtu, anasema si yeye!"

"Si yeye nani?"

"Anasema yule ndiye mchoma sindano wa uongo. Anasema amemuua Hezekia akachukua cheti chake. Wanampiga maswali, wanamuuliza mwili wa Hezekia ameuzika wapi!"

Sikieni hilo vizuri. Kaka yangu alikuwa amekamatwa kwa kumuua kaka yangu.

"Wamejuaje si yeye?" Agustina akauliza, na sauti ilitoka kama ya mtu mwingine.

"Mkono. Wanasema mkono uliokatika kwenye picha sio uliokatika kwenye mtu."

Agustina akasikia harufu ya kuungua. Ilikuwa ngozi yake, kifundo cha mkono kimegusa pasi naye hakuwa na habari. Mkono. Yeye ndiye aliyesema mkono uonekane. Kama angefunga mdomo wake pale mlangoni, mkono ungekaa nyuma ya sanduku na mumewe angekuwa nyumbani anakula.

Wanaume wa ukoo wakakaa kikao. Mmoja alisema tukienda wengi tutaitwa wafanya fujo, mwingine akasema tukienda wachache tutafungwa wote, na hivyo wakakaa. Mama Gati alilia akitaja majina ya waliokufa. Na palikuwa na mtu mmoja, dada wa Hezekia, aliyesimama mbele ya Agustina akasema kwa sauti ili wote wasikie: "Mkono ule ulionyeshwa na nani?" Nimeandika, mmeona. Nimesema mnitoe humo.

Kulipopambazuka Agustina alimwacha mtoto wake Philomena kwa bibi, akalikunja koti safi ndani ya kanga, akaondoka peke yake. Hakuwa na mpango. Alikuwa na wazo moja dogo, la kitoto: Hezekia akivaa koti safi, wataona ni dresa. Wazee hawakuwa wakimpisha kwa sababu ya koti? Basi na Mzungu atampisha.

Njia ya kwenda Sirari ni ndefu hata kwa mwenye moyo mtulivu. Kila aliyekutana naye alimwona kama anamtazama sana. Lori la askari lilipotimua vumbi nyuma yake alijitupa kwenye shamba la mtama, akalala kifudifudi juu ya koti, kisha akainuka akaanza kulikung'uta huku analia, kwa sababu aliogopa lori lakini aliogopa na vumbi. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Kiswahili kilikuwa lugha yake ya tatu, cha jikoni kwa masista: leta maji, anika shuka, moto umezima. Hakuwa na Kiswahili cha kumtoa mtu pingu.

Alifika jua limeshaanza kushuka. Kibanda cha mabati, bendera, mti umelazwa barabarani. Askari mmoja wa kwetu, Method, alimtambua. Agustina alikuwa amewahi kumuona zahanati, analia kwa jipu.

"Mama, umefuata nini hapa?" akamwuliza kwa Kikurya, chini chini.

"Nimemletea mume wangu koti."

"Rudi nyumbani. Bwana Inspekta amesema atakayekuja kudai ni ndugu yake, naye ni wa genge. Una mtoto mama, rudi."

Alitamani kurudi, msifikiri hakutamani. Aliniambia miguu yake iligeuka yenyewe, hatua moja, mbili. Halafu akamwona Hezekia. Alikuwa amekaa chini kando ya ukuta, amevuliwa koti, fulana imepasuka, jicho limevimba. Lile koti jingine, alilolipiga pasi Jumatano, lilikuwa limetupwa pembeni kama tambara la kufutia miguu. Hezekia alimtazama. Alitikisa kichwa tu kidogo, maana yake nenda.

Hakuenda.

Akaingia kibandani. Ndani kulikuwa na meza, na nyuma ya meza Mzungu kijana, ngozi ya pua imebambuka kwa jua, macho mekundu. Alionekana hajalala. Mbele yake cheti. Kando yake kwenye fremu picha yake mwenyewe, amevaa sare, kidevu juu, hacheki. Kiswahili chake kilikuwa cha darasani, kimenyooka kama rula.

"Wewe ni nani?"

"Agustina. Shikamoo." Alikosea, mtu huyo alikuwa mdogo kwake.

"Huyu kwenye picha ni nani?"

"Mume wangu."

"Na yule chini ukutani?"

"Mume wangu."

"Wote wawili?" Akainuka. "Tazama. Mtu wa picha amekatika vidole vya mkono wa kulia. Mtu wa ukutani amekatika vya mkono wa kushoto. Vidole haviwezi kuota upande mmoja na kuanguka upande mwingine. Mtu mmoja kati ya hawa amekufa. Wawili wengine wamekufa kwa sindano za huyu wa ukutani. Ukisema uongo, mama, utalala ndani pamoja naye. Nauliza mara ya mwisho. Yule ni mume wako?"

Mwaka aliokuwa ananisimulia hili aliniambia alijikojolea kidogo, akaniapisha nisimwambie mtu. Amekufa, nasema. Mnataka habari ya mtu au ya sanamu?

Akafanya alichokizoea. Alifungua kanga, akalishika koti mabegani, akalitikisa mara moja likanyooka, akalinyanyua mbele yake kama anavyofanya kila siku kutafuta mkunjo. Alitaka kuomba mumewe avalishwe. Koti likasimama hewani, na nyuma yake, mezani, ile picha.

Basi mikono yake ikajua kabla ya kichwa. Huku, mfuko upande wa moyo. Kule kwenye picha, mfuko umehamia upande wa kulia. Huku kiraka kiwiko cha kushoto. Kule kiraka cha kulia. Huku vifungo vinafungwa hivi, kule vinafungwa kinyume, kama gauni la mwanamke. Kifungo cheusi tu ndicho kilichobaki katikati, mahali pake, cha tatu kutoka juu.

"Bwana," akasema. "Koti nalo ni mwizi?"

"Nini?"

"Umetazama mkono. Tazama koti. Mfuko umehama. Kiraka kimehama. Nimekishona mimi, kushoto. Serikali haishoni koti la mwanamume na mfuko wa kulia. Kama mume wangu ni mtu mwingine kwa sababu ya mkono, hilo koti nalo ni koti jingine, na kifungo changu hicho hapo, cha gauni langu." Akashika pindo la gauni alilovaa, akaonyesha vifungo vingine vyeusi, na nafasi moja yenye kifungo cha mfupa.

Inspekta akakunja uso juu ya cheti. Agustina alidhani amemkasirisha, na akili ikamwambia nyamaza, umeshajimaliza, lakini mdomo ulikuwa umeshaanza kukimbia kama siku ile ya mlangoni. Akanyoosha kidole kwenye fremu.

"Wewe mwenyewe, utepe wako wa rangi uko upande wa moyo. Kwenye picha yako uko upande wa moyo. Picha yako ni nzima. Ya mume wangu imegeuzwa, kama nguo iliyovaliwa ndani nje."

"Picha haigeuki," akasema Inspekta, lakini polepole.

"Una kioo cha kunyolea?"

Method akamtazama bosi wake, bosi wake akaitikia kwa kichwa. Kioo kikaletwa. Wakamwinua Hezekia wakamwingiza ndani, Agustina akamvika lile koti safi juu ya pingu, likakaa begani tu, mikono ya koti ikining'inia. Akamfunga vifungo mpaka cheusi. Akamwambia kwa Kikurya, "Kidevu juu. Tazama mlangoni." Kisha akashika kioo mbele yake, akamwita Inspekta asimame nyuma ya bega la Hezekia na cheti mkononi.

Ndani ya kioo kulikuwa na mtu mwenye jicho lililovimba, mfuko kulia, kiraka kulia, vidole vitatu mkono wa kulia. Kwenye cheti mtu yule yule. Inspekta alitazama kioo, akatazama karatasi, akarudia. Agustina alikuwa anahesabu pumzi zake mwenyewe. Akajiuliza: akisema hapana, nikalala ndani, Philomena atalelewa na nani? Na wifi yangu yule wa kikao atamwambia nini kuhusu mama yake?

"Mfungueni," akasema Inspekta.

Method alifungua pingu haraka hata akaziangusha. Mzungu akaketi kwa uzito, akaandika mgongoni mwa cheti kwa wino mwekundu, akaweka jina lake. Halafu akauliza, bila kuinua kichwa, "Nani kakufundisha kutazama hivyo?"

"Nalipiga pasi kila siku, Bwana."

Hakuomba radhi. Lakini alisimama mlangoni kuwapisha.

Njiani, kwenye kijito, Hezekia aliinama. Hapo akasema, "Kwenye kioo nilikuwa nimejizoea vile. Ndiyo maana sikuona." Akanawa jicho. "Wewe ulisema picha inakutisha."

"Nilisema pia mkono uonekane."

"Mkono ni wangu," akasema Hezekia. "Usinichukulie."

Ndilo neno kubwa alilowahi kumpa, na Agustina alilihifadhi kuliko ng'ombe.

Wiki iliyofuata walirudi kwa Bushiri, kwa sababu cheti kipya kilitakiwa. Bushiri alipoambiwa aliketi chini sakafuni na kanzu yake nyeupe.

"Nilikigeuza mimi," akasema. "Kile kioo chembamba kinachobeba picha kabla haijachapwa, nilikigeuza kwa makusudi. Cheti kina picha kushoto na maandishi kulia. Nilivyompiga, Bwana Dresa alikuwa anatazama nje ya karatasi, kama mtu anayetaka kuondoka. Mtu wa cheo hatazami nje ya karatasi, shemeji, anatazama jina lake. Nikamgeuza alitazame. Nimewageuza wengi hivyo, walimu, makarani, hakuna aliyelalamika. Wana vidole kumi."

"Wageuze uwarudishe," akasema Agustina.

Safari hii alisimama kando ya kile kitambaa cheusi mwenyewe, akakagua mfuko kabla hajaruhusu. Bushiri, kwa aibu, akamwomba naye akae, ampige bure, na mume au peke yake. Agustina akaangalia ile misumari ya vitu vya kuazima.

"Nivae nini?" akauliza. "Mimi cheo changu hakina nguo."

Wakaondoka.

Yule mchoma sindano wa uongo alikamatwa baadaye, upande wa pili wa mpaka. Nilisikia picha yake haikuwa na kosa hata moja.

Msidhani woga ulimwisha. Kila Alhamisi kwa miaka yote iliyobaki ya kazi ya Hezekia alisimama njiani mpaka asikie kengele ya baiskeli. Kila asubuhi kabla hajamwachia atoke alimgusa kifuani upande wa kushoto, akihakikisha mfuko uko mahali pake, na watu wakadhani ni mahaba. Mimi pia nilidhani hivyo, nikamcheka, na ndipo siku ya maharage aliponieleza. Baada ya hapo sikumcheka, na hata pasi nikaanza kumwashia mkaa.

Amekufa mvua za mwaka juzi. Ile picha ya pili ya Hezekia iko ukutani kwa mwanawe, kubwa, ndani ya fremu, kidevu juu, vidole vitatu juu ya sanduku, na kila mgeni anasema, huyu mzee alikuwa mtu wa heshima. Tulipotafuta picha ya Agustina ya kuweka juu ya jeneza tulipekua masanduku yote. Hakuna. Hata ya kando, hata ya kivuli. Tuliweka ile pasi.

Sasa na ninyi mnilipe. Wewe uliyenitoa jasho kwa habari hii, nyanyuka hapo ulipo, nenda kwenye ukuta wa nyumba yenu, ishushe picha ya yule anayeheshimiwa. Mtazame koti, si uso. Uliza nani alilinyoosha, nani alishona kifungo, na jina lake uliandike nyuma kwa mkono wako. Kama bado yu hai, mkalishe mchana kweupe, shati lake la kazi, na chuma chake au jembe lake mkononi, umpige picha. Usimgeuze. Kisha uniletee hapa Nyamwaga kabla ya mavuno ya mahindi, niione kwa miwani hii mliyonipa. Usipoleta, usinitumie tena kalamu.